Mvua ya Mawe Nyumbani Kwetu

Sisi twakaa Migato, katika wilaya ya Itilima, mkoa wa Simiyu. Tangu mkoa huu ulipotengwa na Shinyanga mwaka 2012, rafiki zetu wa mbali hutuuliza mara kwa mara nchi yetu ina nini. Huwajibu kwamba ina pamba, mtama, choroko, dengu na ng'ombe wengi. Ina mibuyu mikubwa, na jua lisilojua mzaha. Lakini theluji haina. Mtu ye yote akikuambia ameona theluji Migato, mwulize kwanza kama alikuwa macho.

Walakini watoto wetu waijua theluji kwa jina. Huikuta katika Zaburi, huiona katika picha za vitabu vya shule, nao hawachoki kuuliza habari zake. Sisi, baba na mama wa nyumba hii, tunao watoto watatu: wa kwanza ana miaka kumi, wa pili miaka saba, na kitinda mimba miaka minne. Maswali yao ni haya: Je, theluji ina ladha gani? Je, ikianguka kichwani yaumiza? Je, ng'ombe huila? Nasi, ambao hatukupata kuishika kwa mikono yetu, tulikuwa tukijibu kwa kadiri ya vitabu, na majibu ya vitabu hayamshibishi mtoto.

Basi kuna jamaa mmoja wa theluji ambaye huja kututembelea bila kualikwa, naye ni mvua ya mawe. Twapenda kuwaeleza jinsi alivyofika kwetu siku moja ya mwezi wa Machi, furaha aliyowaletea watoto, na jambo zito alilotuachia alipokwenda zake. Twafikiri habari hizi zaweza kuwafaa wazazi na waalimu wengine wakaao katika nchi kama yetu.

Siku ile joto lilikuwa kali tangu saa tatu ya asubuhi, hata kuku wakajibanza chini ya ghala wala hawakutaka kutoka. Ilipopata saa tisa tuliona wingu limesimama upande wa mashariki. Chini lilikuwa jeusi kama chungu cha zamani, na juu lilikuwa jeupe, likipanda kama moshi wa tanuru ya matofali. Upepo wa baridi ukaja ghafula na vumbi tele, kisha matone makubwa machache, moja hapa na moja pale. Mama alikuwa amekwisha kutega beseni safi mlangoni ili apate maji ya kufulia. Mara tukasikia bati likigongwa, ko, ko, ko, na kabla hatujasema neno, mbingu nzima ilikuwa juu ya paa letu.

Kishindo cha mvua ya mawe juu ya mabati hakisemeki. Mtu aliye karibu nawe humsikii ila wamwona kinywa chake kikienda. Kitinda mimba alilia, yule wa pili alicheka, na wa kwanza akataka kwenda dirishani kutazama. Tuliwashika wote watatu tukawapeleka chumba cha ndani, mbali na dirisha, tukawaweka chini ya meza nzito. Wakubwa wawili walinung'unika, wakiona kwamba twawanyima maonyesho. Lakini tulikuwa na sababu, nayo ni vema ijulikane na kila nyumba.

Usiku wa tarehe 3 Machi mwaka 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali iliangukia kijiji cha Mwakata, wilaya ya Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, ambao ni jirani yetu. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa wamelala. Wengi waliuawa na kuta za nyumba zao wenyewe, maana tofali lisilochomwa likilowa hurudi kuwa udongo, na upepo ukilisukuma huanguka. Na si Afrika tu. Tarehe 30 Aprili mwaka 1888, mvua ya mawe iliua watu 246 karibu na Moradabad katika India. Na tarehe 14 Aprili mwaka 1986, huko Gopalganj katika Bangladesh, lilianguka jiwe la barafu lenye uzito wa kilo 1.02, ambalo ndilo zito kuliko yote yaliyopata kupimwa. Kwa hiyo mtoto asiachwe kukimbilia mbuzi malishoni mawe yanapoanza. Kama yuko nje na hana pa kuingia, na afunike kichwa kwa beseni, au kigoda, au hata mikono miwili, lakini asikimbilie chini ya mti, maana radi hupenda miti. Na mwenye nyumba ya udongo achimbe mfereji wa kuondoa maji kuzunguka nyumba, tena aezeke paa lenye upenu mpana, ili kuta zisilowe.

Mawe yalianguka kwa muda wa dakika kumi na mbili hivi, kisha yakaisha. Tulipofungua mlango tuliona ua mweupe wote, kana kwamba mtu amepita akimwaga magunia ya chumvi. Kitinda mimba aliyekuwa akilia akanyamaza, akatazama, akauliza, "Mama, nani amemwaga chumvi yote hii?"

Hapo likaja jaribu jingine. Ngurumo zilikuwa bado zasikika, nasi twajua kwamba radi yaweza kumpiga mtu hata mvua ikiisha, madhali ngurumo zasikika. Sharti mtu angoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Lakini barafu haingoji! Watoto walisimama kizingitini wakiona mali yao ikiyeyuka mbele ya macho yao. Wa pili alisema kwa uchungu, "Baba, ngurumo ikiisha na mawe yatakuwa yamekwisha." Tukawaambia wavumilie. Kweli, mawe yaliyoanguka peke yake yakageuka maji. Lakini yale yaliyolundikana chini ya michirizi ya bati na kandokando ya ghala yalikaa, kwa kuwa yalikingana baridi yenyewe kwa yenyewe. Ngurumo zilipokwisha, na nusu saa ikapita, tukawafungulia.

Lo! Furaha ile twatamani mngaliiona. Walikanyaga kwa miguu mitupu wakapiga kelele kwa baridi, wakakimbilia jua, wakarudi tena kukanyaga. Walitaka kuonja, nasi tukawapa yale yaliyoanguka ndani ya beseni safi la mama, maana yaliyotoka juu ya bati yana mavi ya ndege na vumbi la msimu mzima. Wa kwanza alionja kwa makini kama mwenye kuonja mchuzi, akatoa hukumu: "Hayana ladha yo yote. Ladha yake ni baridi tu."

Wa pili ni mtoto wa ng'ombe. Kila siku hufinyanga ng'ombe wa udongo, kama wafanyavyo watoto wote wa Usukuma, naye hujua ukoo wa kila mmoja. Siku ile alikusanya barafu akaikandamiza, akafanya ng'ombe mweupe mwenye nundu, akampa pembe za miiba. Tukamwambia amtazame vizuri, kwa kuwa hatadumu. Akajibu kwamba ng'ombe huyu ni wa mahari, kwa hiyo ni desturi yake kuondoka. Naye aliondoka kweli, akianzia miguuni, mpaka zikabaki pembe mbili zimelala juu ya maji.

Wa kwanza alileta kisu, akakata jiwe moja kubwa lililokuwa kama yai la njiwa. Ndani aliona mviringo ndani ya mviringo, mmoja mweupe na mmoja wa kupenyeza nuru kama kioo, mfano wa kitunguu kilichokatwa. Alituita tuone. Tulimwambia aweke jambo hilo moyoni, kwa kuwa tutalihitaji.

Na kitinda mimba alikuwa na shauri lake mwenyewe. Bibi yao alitazamiwa kuja kesho yake, naye akataka kumwekea jiwe moja. Tulimwuliza ataliwekaje lisiyeyuke. Akakimbia ndani akaleta pamba, ile iliyobaki pembeni mwa ghala tangu msimu uliopita, akaanza kulifunga. Kaka yake mkubwa akamcheka: "Pamba yatia joto! Ukilifunga kwa pamba litayeyuka upesi kama mtu aliyejifunika blanketi." Basi tukaona hapa pana somo lililokuja lenyewe. Tuliwaambia wachague mawe mawili yaliyo sawa. Moja wakaliweka katika kikombe kitupu, la pili wakalifunga kwa pamba kavu, wakaviweka vyote juu ya meza moja, wakangoja.

Jiwe la kikombeni lilikuwa maji kabla ya ugali kuiva. La pili, tulipolifungua baada ya kula, lilikuwapo bado, dogo kama punje ya mahindi. Wa kwanza alishangaa sana. Tukamweleza kwamba pamba haina joto lake yenyewe, wala blanketi halina. Kazi yake ni kuzuia joto lisipite upesi. Mwili wa mtu una joto, na blanketi hulizuia lisitoke. Barafu ni baridi, na pamba hulizuia joto la nje lisiingie. Mtoto aliyekulia katika nchi ya pamba amelala juu ya pamba, amechuma pamba, amekaa juu ya magunia ya pamba. Lakini siku ile aliijua pamba kwa namna nyingine.

Usiku ule, tukiota moto, tuliwasimulia watoto habari za theluji ya nchi yetu wenyewe, kwa maana mtoto wa Tanzania asidhani kwamba theluji ni kitu cha Wazungu. Tarehe 11 Mei mwaka 1848, Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa njiani kwenda Uchagga, akaona weupe juu ya mlima Kilimanjaro. Alimwuliza kiongozi wake, mtu wa pwani, weupe ule ni kitu gani. Yule akamjibu kwamba ni baridi tu. Jibu lake halikuwa mbali na hukumu ya mtoto wetu. Tena Rebmann alipata habari kwamba watu walidhani kitu kile ni fedha, lakini kilipoletwa chini kilionekana kuwa maji matupu. Alipoandika habari hizi, mabwana wengine wenye elimu huko London hawakusadiki kwamba theluji yaweza kukaa karibu na mstari wa Ikweta. Mmoja wao, William Desborough Cooley, alishindana naye miaka mingi. Lakini mwaka 1862 Carl Claus von der Decken alipanda mlima hata zaidi ya mita 4,000, naye huko akaangukiwa na theluji yenyewe. Na tarehe 6 Oktoba mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni, mita 5,895, wakapita juu ya barafu. Yule kiongozi wa pwani na watu wa Uchagga walikuwa wamesema kweli tangu mwanzo. Barafu ile sasa ni chache. Sehemu kubwa ya ile iliyopimwa mwaka 1912, zaidi ya nne katika kila tano, imekwisha kutoweka. Wa pili akauliza kama haiwezekani kuufunga mlima kwa pamba. Tulicheka wote, lakini swali lake halikuwa la kijinga.

Tukawasimulia pia kwamba mwezi wa Septemba mwaka 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, katika Kenya, watu waliamka wakaona mlima umefunikwa weupe, wakakusanyika kwa furaha wakisema theluji imeanguka. Wataalamu wa hali ya hewa walipotazama walisema ni barafu ya mvua ya mawe iliyoshikamana. Basi wanetu wakaridhika, wakisema kwamba na wao ni kama watu wa Nyahururu.

Kesho yake asubuhi furaha ilikutana na huzuni. Tulitoka na watoto kwenda shambani, nao walikuwa wakirukaruka wakitafuta barafu iliyobaki vivulini. Tulipofika penye shamba la jirani, walinyamaza wenyewe. Pamba iliyokuwa kifuani mwa mtu ilibaki vijiti; vitumba vilikuwa chini, majani yametobolewa. Mtama ulikuwa umelala. Majani ya mahindi yalikuwa yamechanika kama nyuzi za katani. Jirani yule na mkewe walikuwa wamesimama katikati ya shamba, wala hawakuwa wakifanya kazi yo yote. Tuliwasalimu, "Mwangaluka," wakatuitikia kwa sauti ndogo. Kitinda mimba alitushika nguo akauliza, "Ni yale mawe yetu?"

Tulimjibu kwamba ndiyo, ni yale yale. Mwanetu wa kwanza alikaa kimya mwendo mrefu, kisha akauliza kama ni vibaya kwamba jana walifurahi. Swali hili ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Tulimwambia kwamba si vibaya. Hakumpokonya jirani kitu kwa kucheza na barafu, wala kulia kwake kusingaliinua hata shina moja la pamba. Lakini aliyefurahia barafu jana, leo na achukue jembe. Basi siku tatu watoto wale wawili wakubwa walifanya kazi katika shamba la jirani baada ya shule, wakisaidia kuinua mtama na kuzibua mifereji.

Na hapa twataka kuwapa wakulima neno moja la faida. Mtu asing'oe shamba lake siku ile ile kwa hasira. Angoje siku saba hata kumi. Mahindi yaliyo madogo bado yaweza kuchipua, kwa sababu moyo wake umo ndani ya ardhi. Viazi vitamu hutoa majani mapya. Pamba iliyovunjika matawi yaweza kuchipua mengine, ingawa mavuno yake yatachelewa. Lakini mahindi makubwa yaliyovunjika yamekwisha, na mahali pake, kama mvua ingaliko, yafaa kupanda choroko, ambazo hazihitaji siku nyingi.

Walakini hasara ya shamba haikuwa jambo zito kuliko yote. Katika mtaa wetu yuko bibi mmoja mjane, ambaye sisi sote twamwita mayu. Choroko zake za mbele ya nyumba zilisimama salama, kijani kibichi, na ng'ambo ya njia mashamba yote yalikuwa yamepigwa. Siku ile ile tulisikia maneno yakinong'onwa kisimani: Mbona mawe yalimruka? Nani aliyeyaelekeza? Kijana mmoja, ambaye pamba yake ilikwisha kabisa, aliyasema kwa sauti.

Ninyi mkaao Usukuma mwajua maneno ya namna hii huishia wapi. Katika nchi yetu bibi vizee wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine kwa sababu macho yao ni mekundu. Na wekundu ule wameupata kwa kupikia kuni na samadi miaka hamsini, wakitulisha sisi. Serikali na mahakama zimeshughulika na mauaji haya miaka mingi. Hapo kale mtemi ndiye aliyedaiwa mvua ikikosa. Siku hizi watemi hawatawali tena, basi watu humtafuta mdaiwa mwingine, na mara nyingi humpata aliye dhaifu, asiye na mume wala kijana wa kumtetea. Kwa hiyo neno la kisimani si neno dogo. Laweza kuwa panga la usiku.

Tulikwenda kwa kijana yule jioni, tukiwa na mtoto wetu wa kwanza. Hatukumgombeza, kwa maana mtu aliyepoteza mazao yake ya mwaka hasikii magombezo. Tulimwomba mtoto amweleze habari za jiwe alilolikata kwa kisu, nasi tukaongeza pale alipokwama. Maelezo yenyewe ni haya. Jua likichoma ardhi, hewa yenye joto na unyevu hupanda juu kwa nguvu. Na kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa, kama digrii 6 kwa kila mita 1,000. Katika nchi za joto kama yetu, penye kimo cha karibu mita 5,000, baridi hutosha kugandisha maji. Ndani ya wingu kubwa la radi upepo huinua matone kupita kimo hicho, huyageuza chembe za barafu, na kila chembe huvikwa maji yanayoganda juu yake, vazi juu ya vazi. Maji yakiganda upesi hufungia hewa ndani, na vazi lile huwa jeupe. Yakiganda polepole huwa kama kioo. Jiwe likiwa zito hata upepo usiweze kulibeba tena, huanguka. Theluji si hivyo. Hiyo hujengwa polepole, na mvuke ugeukao fuwele, nayo hushuka taratibu kama unyoya. Ndiyo sababu theluji yaweza kukaa juu ya Kilimanjaro, lakini kwetu huku chini hutufikia mawe tu, ambayo huwahi kufika kabla hayajayeyuka.

Tena sehemu ya wingu inayotoa mawe ni nyembamba, na wingu lenyewe hutembea. Basi mawe huanguka katika mstari, kama maji yamwagwayo na mtu anayekwenda na ndoo iliyotoboka. Aliye ndani ya mstari hupigwa, na aliye hatua chache nje yake hupona, wala hakuna aliyechaguliwa.

Kijana alisikiliza, kisha akasema, "Hayo ni maneno ya kitabu." Tukamjibu, "Basi kesho twende tukayasome shambani." Asubuhi tulikwenda pamoja, yeye na sisi na watoto, tukiwa na vigingi na kamba za katani. Kila tulipoona mwisho wa majani yaliyotobolewa tulipigilia kigingi. Tulianzia barabarani tukaenda hata kwenye kijito kikavu, kisha tukarudi kwa upande wa pili. Ulipotimia mchana mstari ulikuwa wazi kwa macho: ulinyoka toka mashariki kwenda magharibi, na upana wake ulikuwa hatua mia nne na kidogo. Ulipita katika pamba ya kijana, ukapita katika nusu ya mtama wetu, ukapita katika boma la tajiri mmoja wa ng'ombe. Tena ukapita nyuma ya nyumba ya mayu: viazi vyake vilikuwa vimepigwa, na jiko lake la nyasi lilikuwa limetoboka. Hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Kijana alikitazama kigingi kile cha nyuma ya nyumba muda mrefu, akasema kwamba kumbe na yeye amepigwa. Watu wengine walikwisha kukusanyika, nao wakasema vile vile. Lakini sisi hatukupenda shauri liishie hapo, tukawaambia mbele ya watoto: "Ndugu zetu, hata kama mawe yasingaligusa jani moja la mayu, yeye angalikuwa hana hatia vile vile. Leo amepona maneno yenu kwa kuwa viazi vyake vimeharibika. Je, mwaka ujao shamba lake likipona lote?" Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwapo alisema maneno haya yapelekwe mkutanoni, nayo yalipelekwa. Hatuwezi kusema kwamba kila moyo uligeuka. Twajua tu kwamba minong'ono ya kisimani ilipungua, na kwamba juma lile vijana wawili waliezeka upya jiko la mayu, na mmoja wao alikuwa kijana yule.

Kitinda mimba naye alikuwa na haki yake ya kutimiza. Bibi yake alipofika alimletea furushi lake la pamba, nalo lilikuwa limelowa tu, barafu imekwisha. Midomo yake ilianza kutetemeka. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka shavuni, akasema, "Bado ni baridi, mjukuu wangu. Asante." Kwa kweli lilikuwa baridi.

Wazazi wenzetu, na ninyi waalimu, mvua ya mawe yaja tena. Yaweza kuwa mwaka huu, yaweza kuwa mwaka ujao. Wawekeni watoto ndani penye usalama, na ngurumo zikiisha kabisa waacheni watoke wacheze, maana barafu katika nchi ya jua ni zawadi ya nusu saa. Wapeni kisu wakate jiwe moja mbele yenu, waone miviringo yake. Kisha, kabla jua la kesho halijakauka matope, piteni pamoja nao mashambani mwa jirani, mkiwa na vigingi mkononi na jembe begani. Na kama kuna bibi akaaye peke yake upande ule, nyumba yake na iwe ya kwanza kupigiwa hodi.